BIASHARA YA UNGA: FAIDA YAPITA, HASARA YABAKI



Kila mtu akaaye kando ya mto ajua jambo hili: maji hupita, matope hubaki. Ndivyo ilivyo biashara ya dawa za kulevya katika nchi zinazopitiwa nayo. Mara nyingi twasikia watu wakisema: «Dawa hizo si zetu. Zatoka Asia, zaenda Ulaya; sisi ni njia tu.» Wengine huthubutu kusema zaidi: «Heri zipite, labda zitatuachia fedha kidogo.» Leo yafaa tuyapime maneno hayo kama mama wa nyumba apimavyo hesabu ya mwezi. Nini kimeingia? Nini kimetoka? Na aliyelipa ni nani?

Tusipotee katika maneno ya jumla. Tutatazama kwanza mahali pamoja ambapo habari zake zimejulikana vema, yaani pwani ya Kenya na Tanzania, pamoja na visiwa vya Zanzibar. Ndugu zetu wa huko husema lugha hii hii tunayoisoma, na mambo yaliyowapata ni fundisho kwetu. Halafu tutarudi Kongo.

JAHAZI LISILOTIA NANGA

Heroini hutengenezwa kwa utomvu wa mmea uitwao mpopi. Utomvu huo ndio afyuni, ambayo watu wa pwani huiita pia kasumba. Kwa miaka mingi sehemu kubwa kabisa ya afyuni ya dunia ilitoka Afghanistan. Heroini yake ilikwenda Ulaya hasa kwa njia ya nchi kavu, ikipita Iran, Uturuki na nchi za Balkani. Njia hiyo ilipozidi kulindwa, wachuuzi walitafuta nyingine, nao wakaiona baharini.

Mzigo huteremshwa mpaka pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan zinapopakana, ukapakiwa katika majahazi yanayofanana na ya wavuvi wa kawaida. Majahazi hayo huvuka Bahari ya Hindi. Yakikaribia Afrika hayaingii bandarini wala hayatii nanga mbele ya macho ya watu. Mashua ndogo hutoka kuyalaki gizani, huchukua magunia machache machache, na kuyafikisha pwani mahali pasipo forodha. Kutoka hapo mzigo hugawanywa tena: mwingine huenda kwa lori, mwingine hufichwa katika shehena za halali, na mwingine humezwa na watu wanaopanda ndege nao tumboni. Watu hao huitwa «punda», na jina hilo latosha kuonyesha heshima wanayopewa na wanaowatuma.

Je, mzigo huo ni mkubwa kiasi gani? Mwezi wa Aprili 2014 manowari ya Australia iitwayo HMAS Darwin ilisimamisha jahazi moja katika bahari kuu mbele ya pwani ya Kenya. Ndani yake, katikati ya mifuko ya saruji, walikuta kilo 1,032 za heroini. Mwezi wa Julai mwaka ule ule meli Al Noor ilikamatwa na kuletwa Mombasa. Wakaguzi walikuta zaidi ya kilo 300 za heroini, nyingine ikiwa imechanganywa na mafuta ya dizeli ili isitambulike. Mwezi wa Agosti Serikali ya Kenya iliilipua meli hiyo baharini. Na mwezi wa Desemba 2023 wakuu wa Tanzania walitangaza kwamba wamekamata Dar es Salaam na Iringa kilo 3,182 za heroini na metamfetamina, yaani zaidi ya tani tatu.

Basi msomaji afikiri: ikiwa tani tatu zilikamatwa katika mwezi mmoja, ni kiasi gani kilichopita bila kuonekana?

UJIRA ULIPWAO KWA UNGA

Hapa ndipo uongo wa neno «sisi ni njia tu» unapofunuka. Mzigo haujibebi wenyewe. Wahitajiwa nahodha wa mashua, vijana wa kupakua, mlinzi wa ghala, dereva na mtu wa kuangalia kama polisi wanakuja. Hao wote lazima walipwe. Mwenye mali aona ni rahisi kuwalipa wengine kwa unga badala ya fedha, maana unga anao tele, tena kwake ni rahisi kuliko utakavyokuwa Ulaya.

Sasa kijana aliyepewa gramu chache atafanya nini nazo? Hana wateja London wala Amsterdam. Wateja wake ni wenzake wa mtaani. Huuchanganya unga na vitu vingine ili uongezeke, huufunga katika vipande vidogo vya karatasi au plastiki viitwavyo «kete», akaanza kuuza. Wa kwanza hupewa bure au kwa bei ndogo. Baada ya majuma machache huja wenyewe, kila siku, wala hawaulizi tena bei.

Hivyo ndivyo nchi ya kupitia inavyogeuka kuwa nchi ya kutumia. Heroini ilianza kuonekana katika miji ya pwani, Mombasa, Malindi, Unguja na Dar es Salaam, tangu miaka ya 1980. Kwanza ilikuwa ya rangi ya hudhurungi, na watu waliivuta kwa moshi. Kuelekea mwaka 2000 ikaja nyeupe inayoyeyuka upesi katika maji, na pamoja nayo ikaja sindano. Hakuna mkutano wowote uliokata shauri kwamba watoto wa Malindi wawe mateja. Yalitokea kwa sababu mabaki ya mzigo wa wengine yalianguka mlangoni mwao.

FEDHA ISIYOJENGA

Mtu atasema: «Lakini fedha zaonekana! Tazama majumba, tazama motokari.» Ni kweli, zaonekana. Tuzitazame basi kwa makini.

Fedha ya dawa za kulevya ina kilema kimoja: mwenyewe hawezi kueleza ilikotoka. Kwa hiyo lazima aioshe, yaani aipitishe katika biashara ya halali mpaka ionekane safi. Hununua viwanja na majumba bila kubishana bei. Bei za viwanja hupanda, na mwalimu au fundi aliyekuwa akiweka akiba miaka kumi ili ajenge vyumba viwili huona kiwanja kimemkimbia.

Au hufungua duka. Tufikiri maduka mawili yaliyokabiliana katika barabara moja. La kwanza ni la mtu mwaminifu aliyekopa mtaji. Lazima apate faida, alipe kodi, arudishe deni. La pili ni la mtu anayeosha fedha. Huyu hahitaji faida. Yamtosha kuandika daftarini kwamba ameuza sana. Aweza kuuza sukari na nguo chini ya bei aliyonunulia. Baada ya mwaka mmoja mtu mwaminifu amefunga mlango, na wafanyakazi wake wamekwenda nyumbani. Wapita njia watasema: «Yule hakujua biashara.» Kumbe aliijua vema, ila alishindana na mtu asiyefanya biashara.

Tena fedha hiyo haikai. Haijengi kiwanda, maana kiwanda chataka miaka mingi na hesabu zilizo wazi. Siku mwenyewe anapohisi hatari, huihamisha kwenda nchi nyingine. Nchi yabaki na bei zilizopanda na maduka yaliyofungwa. Na vijana wake wamekwisha kujifunza kwamba kazi ya mikono na miaka ya shule ni mambo ya wajinga. Hasara hii ya mwisho haiandikwi katika kitabu chochote cha hesabu, lakini kila mwalimu huiona darasani.

HAKI INUNULIWAPO

Mtu mwenye fedha zisizo na maelezo hununua pia maelezo. Mfano uliojulikana duniani kote ni ule wa jamaa ya Akasha wa Mombasa. Baba, Ibrahim Akasha, aliuawa kwa risasi Amsterdam mwaka 2000. Wanawe wawili, Baktash na Ibrahim, walikamatwa Mombasa mwezi wa Novemba 2014 katika mtego uliotegwa na wapelelezi wa Marekani. Shauri la kuwapeleka Marekani lilivutwa mahakamani kwa zaidi ya miaka miwili, mpaka mwezi wa Januari 2017 walipopelekwa New York. Huko walikiri makosa yao mwaka 2018. Baktash alihukumiwa kifungo cha miaka 25 mwaka 2019, na Ibrahim miaka 23 mwaka 2020.

Lakini jambo la kutufikirisha ni hili. Waendesha mashtaka wa Marekani walieleza kwamba ndugu hao waliwahonga maofisa wa Kenya, wakiwamo mahakimu, waendesha mashtaka na polisi, ili shauri lao licheleweshwe. Nani aliyepata hasara kwa rushwa hiyo? Si Serikali peke yake. Hakimu aliyezoea kupokea mara moja hatabagua tena. Kesho mjane atakuja kwake kudai shamba aliloachiwa na mumewe, naye hana bahasha mkononi. Rushwa iliyoanzia katika magunia ya unga itamaliza kazi yake katika shamba la mjane.

HESABU YA NYUMBANI

Sasa tuingie ndani ya nyumba, maana huko ndiko deni linakolipwa.

Mtu aliyezoea heroini hatafuti raha tena. Atafuta kukimbia mateso. Saa chache tu baada ya kete ya mwisho, mwili huanza kumdai: jasho, baridi, tumbo kukatika, mifupa kuuma, usingizi kupotea. Watumiaji wa pwani huyaita mateso hayo «arosto». Ili asiyapate, kijana atafanya lolote. Kwanza huuza saa yake na viatu vyake. Halafu redio ya nyumbani hupotea, halafu sufuria, halafu nguo zilizoanikwa uani. Mama huanza kulala na ufunguo wa kabati chini ya mto. Baba huacha kumwita mwanawe kwa jina. Wadogo zake hukosa ada ya shule, kwa kuwa fedha zilikwenda kwa waganga, kwa dhamana ya polisi, au ziliibwa tu.

Kwa wasichana mambo huwa mazito zaidi. Wengi hawana cha kuuza ila miili yao, na jamaa zao huwafungia mlango mapema kuliko wangemfungia mvulana. Mwaka 2005 watu wa afya waliandika habari ya kusikitisha kutoka Dar es Salaam: wanawake maskini kabisa, wasioweza kununua kete, walipewa na wenzao sindano yenye damu ya mtu aliyekwisha kujidunga, kwa tumaini kwamba damu hiyo ingewatuliza. Aliyetoa damu hiyo alidhani atenda huruma. Kumbe pamoja na damu alitoa pia virusi vya UKIMWI na ugonjwa wa ini. Na virusi hivyo havikubaki katika vichochoro. Viliingia katika ndoa, na kwa watoto ambao hawajazaliwa.

Haya basi, tujumlishe. Waliopanga safari walipata fedha nyingi, wakaenda nazo. Wasaidizi walipata kidogo, wakakitumia. Nyumba zile zililipa akiba, vyombo, elimu ya watoto, afya na heshima. Na wale waliolipa hawakuwa na sehemu yoyote katika mapatano.

KUKAMATA HAKUTOSHI

Watu wenye hasira husema: «Wafungwe wote, na mambo yatakwisha.» Wachuuzi wakubwa wastahili sheria, hapana shaka. Lakini mgonjwa si mchuuzi, na pwani imetuonyesha tofauti hiyo. Mwezi wa Desemba 2010 unga uliadimika ghafla katika miji ya pwani ya Kenya. Je, mateja walipona? Hapana. Waligaagaa kwa arosto, wengine wakameza na kujidunga vidonge vya kila namna walivyoweza kupata. Mlango wa unga ulifungwa, lakini mlango wa matibabu ulikuwa haujafunguliwa.

Tangu hapo milango kadhaa imefunguliwa. Mwezi wa Februari 2011 Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa metadoni. Hiyo ni dawa ya kunywa, ambayo mgonjwa huinywa kila siku mbele ya muuguzi. Huondoa arosto bila kumlevya, naye aweza kurudi kazini na nyumbani. Zanzibar na Kenya zilifuata. Huko Malindi, tangu mwaka 1995, kulianzishwa kazi iitwayo Omari Project ili kuwasaidia vijana wa mji. Na Zanzibar, tangu mwaka 2009, kuna nyumba ambamo waliokwisha kuacha huishi pamoja na wanaojaribu kuacha, kila mmoja akimwangalia mwenzake. Wengi huanguka na kurudi tena. Lakini wapo waliosimama, na huo ni ushahidi kwamba teja si mtu aliyekwisha kufa.

NASI KATIKA KONGO?

Msidhani kwamba haya ni mambo ya watu wa bahari tu. Huku mashariki bangi huvushwa mpaka kwenda Rwanda, na wabebaji wake mara nyingi ni vijana na wanawake maskini wanaolipwa kidogo kwa kila safari. Wakikamatwa, wao ndio wanaofungwa, na mwenye mzigo hatajwi. Tena sheria ya Rwanda ya mwaka 2018 yaweza kumpa mfanya biashara ya dawa kali kifungo cha maisha. Hakuna ujira wa kubeba furushi unaolingana na hatari hiyo.

Na Kinshasa, mwaka 2021, wakuu wa nchi walianza kusema hadharani juu ya dawa mpya iitwayo «bombé». Yatengenezwa kwa kusaga kichujio kilichomo katika bomba la moshi la motokari, kisha kuchanganya unga wake na vidonge mbalimbali. Vijana walionekana wamesimama barabarani saa nyingi, wameinama, hawaendi mbele wala nyuma. Papo hapo wizi wa vichujio vya motokari ukaongezeka. Tazameni jinsi hesabu ile ile ilivyorudi: muuzaji apata faranga chache, mwenye motokari apata hasara kubwa kuliko bei ya dawa yenyewe, na mzazi apata mtoto aliyevuta madini mapafuni.

Tena tusifikiri kwamba biashara hii ina mmea mmoja. Mwezi wa Aprili 2022 watawala wa Afghanistan walipiga marufuku kilimo cha mpopi, na mwaka 2023 mashamba yalipungua kwa sehemu 95 katika 100. Ni habari kubwa. Lakini metamfetamina, ambayo huko hutengenezwa kwa kichaka cha mlimani, ilikwisha kushika njia zile zile za bahari. Mahali palipo na watu tayari kubeba bila kuuliza, mzigo hautakosekana.

YATUPASAYO

Basi tufanye nini sisi tusio na manowari wala polisi?

Akina baba na akina mama, fedha zikiingia nyumbani ghafla mkononi mwa kijana asiye na kazi, ulizeni. Msiogope kuonekana wenye wivu. Mzazi apokeaye shati jipya na gunia la mchele bila kuuliza amekwisha kuingia katika mashua ile. Na mtoto akiwa ameanza kuvuta, msimfiche kwa aibu wala msimfukuze. Arosto ni ugonjwa. Mpelekeni kwa mganga wa hospitali mapema, na msiache kumwita kwa jina lake.

Enyi wanafunzi, hakuna atakayewajia akisema: «Njoo uwe teja.» Mtajiwa na mtu mwema, mwenye viatu vizuri, akiomba msaada mdogo: kupeleka furushi, kulinda mlango, kuangalia barabara. Mwulizeni: «Kuna nini ndani?» Akikasirika kwa swali hilo, mmekwisha kupata jibu.

Na sisi sote tuliache neno lile la «sisi ni njia tu». Watu wa Malindi na Unguja walilisema nao, miaka arobaini iliyopita. Leo vijana wao wapanga foleni kila asubuhi mbele ya dirisha la hospitali, wakingoja kikombe cha dawa kitakachowawezesha kufanya kazi mpaka jioni. Anayewanywesha ni muuguzi anayelipwa na Serikali. Wenye magunia hawajaonekana katika foleni hiyo, wala hawajachanga hata faranga moja.